Cape Town: Mji wa Upepo Uitwao Daktari

Msafiri afikaye Cape Town kwa mara ya kwanza huonyeshwa mambo mawili kabla hajautua mzigo wake: mlima na upepo. Mlima ni ule wa Meza, ulioitwa hivyo kwa sababu kilele chake ni bapa kama ubao wa meza, nao umesimama zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, nyuma ya mitaa ya mji. Upepo ni ule utokao kusini-mashariki, ambao huvuma miezi ya joto. Unapokaza, wingu jeupe hutanda juu ya kilele mfano wa kitambaa cha meza, kofia za wapita njia huruka na milango hujibamiza yenyewe. Hata hivyo, wenyeji hawaulaani upepo huo. Tangu zamani wameupa jina la Daktari wa Rasi, kwa imani kwamba huufagia mji moshi, vumbi na maradhi, ukayatupa baharini.

Mji uliompa upepo cheo cha udaktari ni mahali panapofaa kulitazama swali moja zito ambalo leo limeingia katika nyumba nyingi. Mtu anayetumia dawa za kupunguza kinga ya mwili afanye nini? Ajifungie ndani ili asipatwe na maradhi ya wenzake, au atoke na kuishi na watu huku akijua kwamba mafua ya jirani yaweza kumlaza kitandani? Swali hili laulizwa kila penye dawa hizo, lakini Cape Town ndiko lilikotokea mbele ya macho ya dunia nzima, katika hospitali moja iliyo ubavuni mwa mlima.

GHALA KUBWA

Barabara kuu itokayo uwanja wa ndege kwenda mjini hupita chini ya kilele kiitwacho cha Shetani, jirani na Mlima wa Meza. Hapo, upande wa mlimani, punda milia na nyumbu hula majani kwenye mteremko kana kwamba mji haupo. Na chini yao yamesimama majengo ya Hospitali ya Groote Schuur. Jina hilo ni la Kiholanzi, na maana yake ni Ghala Kubwa, kwani zamani sehemu hizo zilikuwa na ghala la nafaka la wakoloni wa Kiholanzi. Jengo la zamani la hospitali lilifunguliwa mwaka 1938. Katika miaka ya utawala wa ubaguzi, wagonjwa Wazungu walilazwa upande wao na wasio Wazungu upande wao.

Vyumba vya upasuaji vya jengo hilo la zamani vilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2007. Mgeni hupita humo akaonyeshwa taa, mashine na meza za wakati ule, pamoja na masanamu ya waganga wakiwa kazini, katika mavazi yao ya upasuaji na vitambaa puani. Humo ndimo, alfajiri ya tarehe 3 Desemba, 1967, Profesa Christiaan Barnard na wenzake walipoutoa moyo wa binadamu mmoja na kuupandikiza katika kifua cha binadamu mwingine, jambo ambalo halijapata kutendeka kabla ya hapo.

Moyo ulikuwa wa Denise Darvall, msichana wa miaka 25, aliyegongwa na gari katika barabara ya mtaa wa Observatory, karibu na hospitali yenyewe. Mama yake alikufa papo hapo. Baba mtu, Edward Darvall, aliombwa ruhusa usiku uleule, akiwa amempoteza mke na binti kwa siku moja, naye akaitoa. Aliyeupokea moyo alikuwa Louis Washkansky, mfanyabiashara ya vyakula, ambaye moyo wake ulikuwa umechoka hata hauwezi tena kuisukuma damu ya kumtosha.

Upasuaji ulifanikiwa, na moyo ukapiga. Lakini waganga walijua kwamba kazi ngumu zaidi ilikuwa bado.

WALINZI WASIOMJUA MGENI

Kinga ya mwili yaweza kulinganishwa na walinzi wa lindo. Kazi yao ni kumtambua kila aingiaye, na asiye wa nyumbani kumshambulia. Walinzi hawa ni hodari, lakini hawajui kubagua mgeni mwema na adui. Kiungo kilichopandikizwa, hata kama kimekuja kuokoa maisha, kwao ni mvamizi. Wakiachwa wafanye kazi yao, watakishambulia mpaka kife. Kwa hiyo mganga hana budi kuwapa mgonjwa na kiungo chake nafasi ya kuishi pamoja, na njia yake ni dawa za kuwapunguzia walinzi nguvu.

Hapo ndipo taabu inapoanza, kwani mlinzi aliyewekewa silaha yake chini kwa ajili ya mgeni, haiokoti tena kwa ajili ya mwizi. Vijidudu ambavyo mtu mwenye afya huvishinda bila hata kujua kwamba vilimwingia, hupata njia nyeupe.

Washkansky alipewa dawa hizo kwa wingi, pamoja na miale ya kuuzuia mwili usiukatae moyo. Baada ya siku kadhaa mapafu yake yalianza kuonyesha kasoro katika picha. Waganga walidhani kwamba mwili umeanza kuukataa moyo mpya, wakaziongeza dawa za kupunguza kinga. Kumbe kasoro ile ilikuwa nimonia. Walinzi wachache waliokuwa wamebaki wakaondolewa wakati adui amekwisha kuingia. Tarehe 21 Desemba, 1967, siku ya 18, Louis Washkansky alifariki dunia. Moyo wa Denise Darvall ulikuwa ukifanya kazi vizuri hadi mwisho. Yaliyoshindwa ni mapafu.

Mgeni asimamaye katika makumbusho hayo hutoka na fundisho hilo kabla ya mengine yote: kwamba mtu aweza kuokolewa na dawa na kuuawa na nafasi iliyoachwa wazi na dawa hiyohiyo.

MTU WA NYUMA YA MLANGO

Siku 12 baada ya kifo hicho, tarehe 2 Januari, 1968, waganga walewale walimpasua mgonjwa mwingine, Philip Blaiberg, daktari wa meno mwenye umri wa miaka 58, aliyekuwa amestaafu kwa sababu ya maradhi ya moyo. Moyo aliopewa ulikuwa wa Clive Haupt, kijana wa miaka 24, aliyeanguka ghafla siku ya Mwaka Mpya kwa kuvuja damu ubongoni.

Safari hii waganga walipunguza ukali wa dawa, wakaongeza ukali wa mlango. Blaiberg aliwekwa katika vyumba vya peke yake vilivyosafishwa kwa dawa. Walioingia humo walivaa majoho, vitambaa vya pua na mdomo, na viatu visivyotoka nje. Watu wa nyumbani kwake walimwona kwa mbali kwanza, kabla ya kuruhusiwa kumkaribia. Magazeti ya nchi nyingi yalihesabu siku zake moja moja. Ilipopita siku ya 18, siku ya kifo cha mwenzake, dunia ilishusha pumzi.

Blaiberg alikaa hospitalini siku 74. Tarehe 16 Machi, 1968, alitoka kwa miguu yake.

Kutoka huko kulikuwa na hatari yake, na yeye, akiwa mtu wa taaluma ya tiba, aliijua. Mwili wake ulikuwa bado chini ya dawa zilezile, na walinzi wake walikuwa bado wamelegezwa. Angaliweza kubaki nyuma ya mlango, kwani hapakuwa na mtu ambaye angalimlaumu. Lakini alirudi nyumbani kwake, akaendesha gari, akaandika kitabu cha maisha yake, na siku moja akaingia baharini kuogelea. Picha yake akiwa kifua wazi katika mawimbi ya Cape Town, kovu likionekana, ilienea duniani kote.

Msomaji asiipite picha hiyo haraka. Clive Haupt, mwenye moyo ule, alikuwa mtu wa rangi kwa hesabu ya serikali ya wakati ule, na fukwe nzuri za mji zilikuwa zimetengwa kwa ajili ya Wazungu. Sheria iliyomzuia kijana huyo kuingia mahali pengi haikuweza kuuzuia moyo wake kupita.

Katikati ya mwaka 1968 Blaiberg aliugua tena, akarudishwa hospitalini akiwa katika hali mbaya, kisha akapona. Alifariki tarehe 17 Agosti, 1969, baada ya kuishi miezi 19 na nusu na moyo wa Haupt. Hakuuawa na vijidudu vya watu aliochanganyika nao. Moyo wenyewe uliharibika polepole kwa kukataliwa na mwili. Katika muda huo wote, siku 74 za mwanzo alizikaa nyuma ya mlango, na zilizobaki nyingi alizikaa miongoni mwa watu. Alijitenga palipokuwa na hatari kubwa kabisa, kisha akatoka kabla kujitenga hakujageuka kuwa maisha yenyewe.

UDONGO WA NORWEI

Kwa miaka kadhaa baada ya hapo, hospitali nyingi duniani ziliacha kupandikiza mioyo, kwa kuwa wagonjwa walikufa upesi, ama kwa kukataliwa kiungo, ama kwa maradhi ya kuambukiza. Groote Schuur haikuacha. Dirk van Zyl, aliyepandikizwa humo mwaka 1971, aliishi zaidi ya miaka 20.

Badiliko kubwa lilitoka mahali pasipotazamiwa. Mwaka 1969 mfanyakazi wa kampuni ya dawa ya Sandoz, ya mji wa Basel huko Uswisi, alichukua udongo kidogo katika nyanda za juu za Hardangervidda, nchini Norwei. Ndani ya udongo huo mlikuwa na kuvu, na kutokana na kuvu huyo ikapatikana dawa ya sayklosporini, ambayo huwalegeza walinzi wanaokishambulia kiungo kipya bila kuiangusha kinga yote kama zilivyofanya dawa za awali. Mwaka 1983 iliruhusiwa kutumika Marekani, na tangu hapo upandikizaji wa figo, ini na moyo ukawa kazi ya kawaida ya hospitali kubwa.

Hivyo watumiaji wa dawa za namna hii wakaongezeka mno. Leo si waliopandikizwa viungo pekee. Wamo pia wenye ugonjwa wa lupasi, ambamo walinzi wa mwili huwashambulia wenyeji wao; wamo wenye baridi yabisi kali ya viungo, na wenye maradhi ya matumbo, ya figo na ya ngozi. Wengi humeza prednisoloni, azathioprini au nyinginezo nyumbani kwao, wakipika, wakilea watoto na kwenda kazini. Mlango wa Blaiberg umehama hospitalini ukaja majumbani, na hapo hakuna muuguzi wa kuulinda. Kila mmoja huamua mwenyewe ni wakati gani aufunge na ni wakati gani aufungue.

KISIWA CHA WALIOTENGWA

Anayetaka kujua kwa nini watu huogopa neno kutengwa, na apande mashua katika bandari ya Cape Town aende Kisiwa cha Robben, safari ya kilometa 11 hivi. Wageni wengi hukiendea kwa ajili ya chumba cha gereza alimofungwa Nelson Mandela kuanzia mwaka 1964 hadi 1982. Lakini kisiwa hicho kilikuwa na wafungwa wengine kabla yake, nao hawakuwa na kosa lolote. Kati ya mwaka 1846 na 1931 palikuwa na hospitali ya wenye ukoma na wagonjwa wengine waliokataliwa bara. Kuanzia mwaka 1892 wenye ukoma walikamatwa kwa sheria, wakatengwa na wake, waume na watoto wao. Kanisa walilolijenga kwa mikono yao mwaka 1895 lingali limesimama, na makaburi yao yapo.

Leo yajulikana kwamba ukoma hauambukizi kwa urahisi, na kwamba watu walio wengi wana kinga ya asili dhidi yake. Hofu ilikuwa kubwa kuliko hatari. Vivyo hivyo mwaka 1901, tauni ilipoingia mjini, maelfu ya Waafrika waliondolewa makwao na kupelekwa kwenye kambi ya nje ya mji iliyokuja kuitwa Ndabeni. Tauni ilipokwisha, hawakurudishwa.

Basi mji huu unazijua namna mbili za kutenga. Ya kwanza ni ya kisiwani, ambayo haina kipimo wala mwisho, na mtengwaji haulizwi neno. Ya pili ni ya chumba cha Groote Schuur, yenye sababu iliyoelezwa, muda uliohesabiwa na siku ya kutoka. Zote mbili hutumia mlango na kufuli, lakini moja ni kifungo na nyingine ni dawa.

MJI ULIPOFUNGWA WOTE

Mwaka 2020 namna hizo mbili zilikutana. Ugonjwa wa korona ulipoingia Afrika Kusini, serikali iliamuru watu wote wabaki majumbani kuanzia tarehe 27 Machi. Njia ya kando ya bahari ya Sea Point, ambako kwa kawaida watu hutembea jioni kwa mamia, ikabaki tupu. Kuanzia tarehe 1 Mei watu waliruhusiwa kutoka kunyoosha viungo kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi tu. Mwezi Juni ukumbi mkubwa wa mikutano wa mji ulifunguliwa kuwa hospitali ya muda yenye vitanda 862.

Katika siku hizo mwenye figo ya kupandikizwa na kijana mwenye afya waliishi chini ya amri moja. Pengine ndizo siku pekee ambazo mgonjwa wa namna hiyo hakujiona tofauti na jirani yake. Nchini Uingereza serikali iliwatumia barua watu walio katika hatari kubwa zaidi, wakiwamo waliopandikizwa viungo, ikiwashauri wabaki ndani kwa muda usiopungua wiki 12. Huko England ushauri huo ulisimamishwa tarehe 1 Agosti, 2020. Wengi waliposikia kwamba sasa waweza kutoka, walisimama mlangoni wasijue la kufanya, kwani barua iliwaambia muda umekwisha lakini miili yao ilikuwa ileile.

Afrika Kusini nayo iliondoa kanuni za mwisho, ikiwamo ya kuvaa barakoa, mwezi Juni 2022. Watu walizivua kwa furaha. Aliyebaki nayo ndani ya gari la abiria alianza kutazamwa kwa mshangao. Tangu hapo hakuna amri ya kumfungia mtu wala ya kumfungulia, na uamuzi umerudi kwa mwenye mwili.

KIPIMO CHA MLANGO

Yafaa sasa kuyatoa mafunzo ya mji huo na kuyapeleka nyumbani, hasa katika nyumba za kambi ambako familia nyingi hukaa karibu karibu. Chukua mfano wa askari ambaye mkewe ana figo iliyopandikizwa. Watoto wanasoma shule moja na watoto wa jirani. Askari mwenyewe hutoka kazini alikolala bwenini na wenzake 20, na mmoja wao anakohoa. Ndugu wamekuja. Kuna harusi Jumamosi na matanga Jumapili. Je, mama huyu akae chumbani siku zote? Akikaa, atalindwa na kikohozi, lakini ataikosa harusi ya mwanawe, na pengine mazishi ya mama yake. Asipokaa, aweza kuipoteza figo, au uhai wenyewe.

Jibu la ndiyo au la, lisilo na kipimo, halitamfaa. Kujitenga ni dawa kama zilivyo nyingine. Dawa ina sababu ya kutolewa, ina kiasi, ina muda, na ina madhara yake, ambayo kwa kujitenga ni upweke, huzuni, kudhoofika kwa mwili usiotembea, na kupungua kwa kipato cha nyumba.

Kiasi hutegemea mambo matatu. La kwanza ni nguvu ya dawa. Miezi ya kwanza baada ya kupandikizwa, au wakati dawa zimeongezwa kwa sababu mwili umeanza kukikataa kiungo, ndiyo miezi ya mlango wa Blaiberg. Hali kadhalika prednisoloni ya miligramu 20 au zaidi kila siku, kwa wiki mbili na kuendelea, huhesabiwa na waganga kuwa ya kupunguza kinga kwa kiasi kisichopuuzwa. Anayemeza kidogo na kwa muda mrefu bila matatizo yuko mahali pengine. La pili ni hali ya maradhi mtaani: kipindi cha mafua mengi, surua au korona si sawa na kipindi kitulivu. La tatu ni mahali penyewe. Hapa ndipo jina la upepo wa Cape Town linapopata maana isiyo ya hadithi: vijidudu vya kifua kikuu, mafua na korona hukusanyika katika hewa iliyofungwa, na hutawanyika katika hewa inayopita. Harusi ya chini ya mti si sawa na harusi ya ukumbi uliofungwa madirisha. Gari la abiria lenye madirisha wazi si sawa na lile ambalo abiria wameyafunga kwa kuogopa baridi. Mama wa mfano huu aweza kuhudhuria sherehe nje, akakaa upande wa upepo, akavaa barakoa waingiapo ndani, akaondoka mapema, na bado akahesabiwa kuwa alikuwapo.

Mlango wa nyumba vilevile haulindwi na mgonjwa peke yake. Askari arudiye na kikohozi alale chumba kingine, avae barakoa, na apimwe makohozi kikohozi kikizidi wiki mbili, kwani kifua kikuu ni hatari kubwa kwa mtu wa dawa hizi. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya chakula. Watoto na watu wazima wa nyumba hiyo wapate chanjo zao, kwa maana wao ndio ukuta wa kwanza. Mgonjwa mwenyewe aulize kila chanjo kabla ya kuchomwa, kwa kuwa zipo zilizotengenezwa kwa vijidudu hai vilivyodhoofishwa, mfano chanjo ya surua na ya homa ya manjano, nazo kwa kawaida hapewi. Jambo hili humhusu hata msafiri. Atokaye Kenya, Uganda au Kongo kwenda Cape Town hudaiwa cheti cha homa ya manjano. Ikiwa dawa zake hazimruhusu kuchanjwa, amwendee daktari mapema apate hati ya msamaha, na aulize kabla ya safari kama itakubaliwa.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni ya mtu kujiamulia kuacha dawa ili kinga irudi apate kutoka kwa amani. Aliyepandikizwa akiacha dawa, walinzi huamka na kukishambulia kiungo. Anayetumia prednisoloni kwa muda mrefu akiikatiza ghafla, mwili wake waweza kuzimia, kwa kuwa umekwisha kusahau kujitengenezea homoni ya namna hiyo. Dawa hupunguzwa na daktari tu. Tena, homa ya mtu huyu isingojwe asubuhi. Joto likifika digrii 38, au pumzi ikibana, na apelekwe hospitalini usiku huohuo, na dawa zake zichukuliwe zionyeshwe, kwani dalili kwake huja zimefifia. Mapafu ya Washkansky yalidhaniwa kuwa na ugonjwa mwingine, na kosa hilo halikupata nafasi ya kusahihishwa.

Mwisho, mgonjwa aulizwe yeye mwenyewe anataka kuishi kwa ajili ya nini. Wapo watakaochagua kufunga mlango kwa mwaka mzima ili wamwone mtoto akimaliza shule, na wapo watakaosema kwamba mwaka wa chumbani hawauhesabu. Wote wawili wana haki ya kusikilizwa, ilimradi wanaamua huku wakiijua hatari kwa kiasi chake. Aibu ya kuvaa barakoa isimwamulie mtu, wala hofu ya majirani.

Jioni, upepo wa kusini-mashariki ukianza tena, wauguzi wa zamu ya usiku hupanda mteremko kuelekea Groote Schuur huku wakishika kofia zao, na wa zamu ya mchana hushuka. Katika kliniki za humo wangali wanahudumiwa watu wenye viungo vya kupandikizwa, ambao hupimwa damu, huandikiwa dawa, kisha hutoka mlangoni na kuelekea kituo cha magari. Magari ya abiria hujaa wakati huo. Aliye miongoni mwao huchagua kiti cha dirishani, akalifungua kidogo, akaliacha wazi mpaka nyumbani.